Bega Bandia na Nchi Linamowekwa: Hotuba kwa Wahudumu wa Mifupa na Viungo

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, madaktari, wauguzi, wenzangu wa fiziotherapia, na nanyi wanafunzi ambao kesho mtashika kazi hii,

Nimeombwa nizungumzie upasuaji wa kubadilisha bega na jinsi unavyotofautiana kati ya nchi na nchi. Nina hoja moja, na nitaisema mapema ili mnipime nayo hadi mwisho. Chuma kinachowekwa begani Paris, Tokyo au Nairobi kinaweza kuwa kimetoka kiwanda kilekile. Kinachotofautiana ni nani anapewa, nani anampasua, nani anaandika kilichotokea baadaye, na mkono ule utadaiwa kazi gani mgonjwa akirudi kwake. Sisi wa Afrika Mashariki tukikimbilia chuma kabla ya kuyajibu hayo manne, tutalipa fedha nyingi na wagonjwa wetu watapata nusu ya tiba.

Kwa wale ambao si wa fani yetu, nieleze bega kwa ufupi. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa na cha duara, nacho kinakaa kwenye kikombe kidogo na chembamba kilichoko kwenye kombe la mkono, yaani mfupa bapa wa nyuma ya bega. Kikombe peke yake hakiwezi kukishikilia kichwa. Kazi hiyo inafanywa na misuli minne midogo na kano zake zinazokizunguka. Ndiyo maana bega huzunguka kuliko kiungo kingine chochote mwilini, na ndiyo maana hutenguka kuliko vyote. Gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kiungoni, ikilika, kichwa kikivunjika vipande vipande, kikikosa damu kikafa, au kano zikichanika zikaachwa miaka mingi, daktari anaweza kuondoa kilichoharibika na kuweka sehemu bandia. Anaweza kubadilisha kichwa tu, yaani nusu ya kiungo. Anaweza kubadilisha kichwa na kikombe. Au anaweza kuweka bega la kinyume, ambalo nitalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo limegeuza fani yote.

Upasuaji wa kwanza unaojulikana ulifanyika Paris mwaka 1893. Daktari Jules-Émile Péan alimpokea mwanamume wa miaka 37 ambaye kifua kikuu kilikuwa kimelila bega lake. Akamwekea kiungo cha platini na mpira mgumu, kilichotengenezwa kwa ustadi wa daktari wa meno. Kilikaa takribani miaka miwili, usaha ukarudi, kikalazimika kutolewa. Ninawakumbusha kisa hiki kwa sababu kifua kikuu cha mifupa na viungo, ugonjwa uliompeleka mtu yule kwa Péan, Ulaya sasa ni nadra, na sisi bado tunaupokea wodini.

Baada ya Péan ilipita zaidi ya nusu karne. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Charles Neer wa New York alitengeneza kichwa cha chuma kwa ajili ya watu waliovunjika vibaya, kisha miaka ya 1970 akaongeza kikombe cha plastiki kwa wale ambao gegedu zao zimelika. Viungo vyake viliwasaidia wengi, lakini palibaki kundi moja lililokuwa likimshinda kila daktari: wazee ambao kano zao zimechanika na kusinyaa kabisa. Ukimwekea mtu kama huyo kichwa kipya, hakuna cha kukishikilia, kinapanda juu, na mkono haunyanyuki.

Aliyelipatia jibu tatizo hilo ni Paul Grammont wa Dijon, Ufaransa, mwaka 1985. Aligeuza mpangilio wa maumbile: duara akaliweka upande wa kombe la mkono, na kikombe akakiweka juu ya mfupa wa mkono. Kwa kugeuza hivyo, kitovu cha mzunguko kinahamia ndani na chini, na ule msuli mkubwa unaofunika bega kwa nje unapata nguvu ya kuunyanyua mkono peke yake, hata kama zile kano hazipo. Mama aliyekuwa hawezi kufikisha kijiko mdomoni anaweza kuchana nywele zake tena.

Sasa tazameni safari ya uvumbuzi huo. Ufaransa ulitumika tangu miaka ya 1980 na kuenea Ulaya. Marekani, mamlaka ya dawa na vifaa tiba iliuruhusu mwishoni mwa mwaka 2003. Japani ulianza kutumika mwaka 2014. Kati ya Dijon na Tokyo kuna karibu miaka 30, kwa kiungo kimoja na ugonjwa mmoja. Bibi wa Lyon na bibi wa Osaka wenye bega la aina moja mwaka 2005 walipewa majibu tofauti kabisa, na sababu haikuwa bega.

Msiharakishe kuwalaumu Wajapani. Walipoufungulia mlango, chama chao cha madaktari wa mifupa kiliweka mwongozo: mgonjwa awe mtu mzima wa miaka 70 hivi au zaidi, na daktari awe na uzoefu wa kutosha wa upasuaji wa bega na awe amepitia mafunzo maalumu. Waliona pia kwamba miili yao inataka uangalifu wake. Mabega mengi ya wanawake wa Kijapani ni madogo, na sahani ya chuma inayolishikilia lile duara, iliyopimwa kwa mifupa ya Wazungu, inaweza kuzidi mfupa unaotakiwa kuibeba. Waliuliza maswali hayo kabla ya kununua. Sisi nasi tuna mifupa yetu, na wanafunzi wanaotafuta mada ya utafiti wanaweza kuanza na vipimo vya vikombe vya mabega vilivyomo kwenye picha za CT za hospitali zetu.

Nani anapewa? Marekani, mabega yanayobadilishwa kwa mwaka mmoja yamepita laki moja. Uingereza ni maelfu tu. Ujerumani, kwa kila watu laki moja, hufanya mengi kuliko Uingereza, ingawa wazee wa nchi hizo mbili hawatofautiani sana kwa maumivu. Tofauti inatoka kwenye namna ya kulipa na namna ya kuamua. Uingereza mgonjwa halipi hospitalini, lakini anasubiri. Lengo la kitaifa ni asizidi wiki 18, na wengi huzidi sana. Marekani mwenye bima nzuri hupata tarehe upesi, na asiye na bima huona deni kabla ya kuona kisu. Tangu mwaka 2021, Medicare, bima ya serikali ya wazee wa huko, haishurutishi tena mgonjwa wa bega kulazwa, kwa hiyo mtu anaweza kupasuliwa asubuhi kwa ganzi ya shingoni na jioni akawa nyumbani. Ujerumani ni kinyume: mgonjwa hulala hospitalini siku kadhaa, kisha wengi hupelekwa kwenye kituo cha mazoezi kwa wiki tatu hivi, na bima inalipa. Operesheni ni ileile ya saa moja na nusu au mbili.

Kuna jambo la Uingereza ambalo ningependa kila daktari kijana hapa alijue. Watu wengi wanaoanguka huvunjika mfupa wa juu wa mkono, karibu na bega. Kwa miaka mingi swali lilikuwa: tupasue au tufunge mkono shingoni na kusubiri? Waingereza wakafanya utafiti katika hospitali 32, wagonjwa 250, wakawagawa kwa kura, wengine wakapasuliwa na wengine wakafungwa mkono. Matokeo yalitoka mwaka 2015: baada ya miaka miwili makundi hayo hayakuwa na tofauti ya maana. Wengi wa waliopasuliwa walikuwa wamewekewa bati na skrubu, wachache nusu ya kiungo, na mivunjiko ambayo ni lazima ipasuliwe haikuingizwa. Hata hivyo utafiti ule ulitufundisha kwamba wagonjwa wengi waliokuwa wakipelekwa chumba cha upasuaji walihitaji kitambaa cha shingoni na mtu wa kuwafundisha mazoezi. Kwa nchi yenye vyumba vichache vya upasuaji, hiyo ni habari njema, na inashangaza kwamba bado tuna familia zinazouza ng'ombe kulipia bati kwa mvunjiko ambao ungepona bila kisu.

Nani anapasua? Hapa nitasema kidogo, kwa sababu jibu linajulikana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 kutoka kwenye takwimu za Uingereza ulionyesha kwamba wagonjwa wa daktari anayefanya zaidi ya mabega 10 hivi kwa mwaka hawarudi kupasuliwa upya mara nyingi kama wagonjwa wa daktari anayefanya machache kuliko hapo. Mabega kumi kwa mwaka si mengi. Lakini kama nchi nzima inafanya ishirini, na yamegawanywa kwa madaktari kumi na wawili katika miji minne, hakuna anayekuwa fundi. Ni afadhali tuwe na vituo viwili vinavyofanya kwa wingi, na sisi wengine tujifunze kutoa rufaa bila kuona haya.

Nani anaandika? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijui usemi unaofaa zaidi rejista za viungo bandia. Norway ilianza kuandika mabega ya nchi nzima mwaka 1994, Sweden mwaka 1999, Denmark mwaka 2004, Uingereza mwaka 2012. Kila kiungo kinachoingia kinaandikwa jina, aina na saizi. Kikitolewa, kinaandikwa tena na sababu yake. Ni kutokana na madaftari hayo kwamba leo tunaweza kumwambia mgonjwa bila kubahatisha: mabega zaidi ya 9 kati ya 10 bado yapo mahali pake baada ya miaka 10.

Madaftari hayo pia yanawasema madaktari. Nchi za Nordiki ni jirani, tajiri, zina wazee wa aina moja, lakini zilipolinganisha takwimu zao zilikuta kila moja ina mapenzi yake. Denmark walipenda kuvika kichwa cha mfupa kofia ya chuma na kuacha kikombe kama kilivyo. Rejista zikaonyesha kwamba wagonjwa wa gegedu zilizolika hufanya vizuri zaidi wakibadilishiwa pande zote mbili, na mazoea yakabadilika. Kwa upande wa nyonga, rejista ya Australia ilionyesha dalili mbaya kwenye aina moja ya kiungo cha chuma kwa chuma tangu mwaka 2007. Kilikuja kuondolewa sokoni dunia nzima mwaka 2010. Nchi isiyo na rejista ilikuwa ikiendelea kukiweka bila kujua.

Msiseme rejista ni ya matajiri. Malawi walianzisha rejista ya nyonga na magoti mwaka 2005, Malawi jirani zetu, wakati nchi kadhaa zenye fedha zilikuwa hazina. Wao waliamua kuandika tangu viungo vilipokuwa vichache, na kuandika vichache ni rahisi kuliko kuja kuvikusanya vikiwa maelfu.

Sasa niingie kwenye swali la nne, ambalo mimi kama mtu wa fiziotherapia ndilo linanikaa moyoni. Mkono utadaiwa kazi gani?

Ulimwenguni kote matokeo ya bega hupimwa kwa maswali. Yanayotumika sana Uingereza ni yale ya Oxford ya mwaka 1996: maswali 12, kila moja alama 0 hadi 4, jumla 48. Nimeyatumia maswali hayo kwa wagonjwa wengi, na yana thamani kubwa. Sikilizeni machache. Je, umeweza kutumia kisu na uma kwa wakati mmoja? Je, umeweza kubeba trei yenye sahani ya chakula kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine? Je, umeweza kutundika nguo kabatini? Kwa mzee wa Leeds, hayo ndiyo maisha. Kwa mama wa Korogwe, je? Yeye anasonga ugali kwa mwiko kwenye sufuria ya watu wanane, kazi ambayo inataka bega lenye nguvu kuliko uma wowote. Anachota maji na kuipandisha ndoo kichwani. Anapalilia. Anambeba mjukuu mgongoni na kuifunga kanga kwa mikono miwili nyuma yake. Akiwa mjini anasimama kwenye daladala ameshika bomba la juu. Anaweza kupata alama 44 za Oxford na bado asiweze kuendesha nyumba yake, na takwimu zetu zitaandika amepona.

Tena kuna jambo ambalo tunaona haya kulizungumza, nami nitalizungumza. Bega la kinyume hunyanyua mkono vizuri mbele na juu, lakini harakati ambayo mara nyingi hubaki dhaifu ni kupeleka mkono nyuma ya mgongo. Katika nchi ambazo watu hutumia karatasi msalani, na mkono wowote ukafaa, hilo ni usumbufu. Kwetu, pwani hasa, mtu hutawaza kwa maji na kwa mkono wa kushoto. Ukimbadilishia mzee bega la kushoto bila kumwambia lolote, unaweza kumpa mkono usio na maumivu na ukamwondolea staha yake. Atalazimika kumwita binti yake msalani. Sijui upasuaji uliofanikiwa unaoweza kufidia hilo. Kwa hiyo kabla ya kisu tuulize wazi, mwanamume na mwanamume, mwanamke na mwanamke: Mzee wangu, unatumia mkono gani ukienda haja? Jibu lake linaweza kubadilisha aina ya kiungo, namna daktari anavyokiweka, mazoezi tutakayompa, au kutufanya tumshauri abaki na bega lake alilozaliwa nalo.

Vivyo hivyo ibada. Muislamu husujudu mara nyingi kwa siku, na kila sijda huweka uzito wa mwili juu ya mikono. Wiki za mwanzo baada ya upasuaji hilo halifai. Dini yenyewe imetoa ruhusa ya kuswali umekaa kwa mgonjwa, lakini wagonjwa wengi huona aibu kuuliza na hujilazimisha. Tuwaambie sisi kabla hawajauliza, na tumshirikishe imamu wao ikibidi.

Wagonjwa wetu nao si wale wa Ulaya. Huko mgonjwa wa kawaida ni mwanamke wa miaka 70 na kitu ambaye gegedu zake zimechakaa kwa umri. Kwetu anakuja kijana wa bodaboda aliyetenguka bega miezi minane iliyopita, akapelekwa kwa fundi wa mifupa, akakandwa, na sasa kichwa cha mfupa kimeota mahali pasipo pake. Anakuja binti wa miaka 24 mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu, ambaye kichwa cha mfupa kimekufa kwa kukosa damu. Baada ya nyonga, bega ndilo huathirika sana kwa ugonjwa huo, na Tanzania ni kati ya nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na selimundu. Kiungo kilichopimwa kwa ajili ya bibi wa Stockholm atakayekitumia miaka 15 kinatakiwa kimtumikie binti huyu miaka 50. Hakitafika. Tusimfiche. Yeye anahitaji mpango wa maisha yake yote, kuanzia dawa za kuzuia mashambulizi ya selimundu, na chuma kiwe cha mwisho kabisa.

Wapo wanaokwenda India, na wengine wanarudi vizuri. Upungufu ninaouona ni kwenye karatasi. Mgonjwa anarudi na picha za mtandaoni za hospitali, risiti, na barua ya mistari mitano. Jina la kiungo halipo. Saizi haipo. Haijaandikwa kama ile kano ya mbele ilikatwa na kushonwa, wala lini naruhusiwa kumzungusha mkono kwa nje. Nafanya kazi gizani. Miaka mitano baadaye bega likianza kuuma, daktari atakayelifungua hajui atumie bisibisi gani. Na maumivu hayo yanaweza kuwa ni maambukizi ya yule bakteria mpole wa ngozi ya begani, Cutibacterium acnes, ambaye haleti homa wala usaha wa haraka. Maabara inatakiwa imsubiri siku 10 hadi 14. Maabara iliyozoea kutoa jibu baada ya siku tatu au nne itaandika hakuna kitu, na mgonjwa ataambiwa anajidekeza.

Ninaomba mambo matatu, na kila mmoja wetu anaweza kuyaanza bila kusubiri wizara. Mgonjwa yeyote anayesafiri kubadilishiwa bega apewe kwetu karatasi ya maswali ambayo daktari wa huko ataijaza: jina la kiungo, saizi, namba ya toleo, upande, kano ilifanywaje, na ratiba ya mazoezi. Kila kituo kinachofanya upasuaji huu kifungue daftari leo, hata la kurasa 40, na kila mwaka tukutane tuyaweke pamoja. Chuo cha madaktari wa upasuaji cha ukanda wetu, COSECSA, kipo hapa Arusha, na ninaamini kinaweza kutupa meza. La tatu ni letu wa fiziotherapia: tuandike maswali yetu wenyewe ya bega, yenye mwiko, ndoo, kanga, jembe, daladala, sijda na choo, tuyajaribu kwa wagonjwa wa Moshi, Mombasa na Bukavu, tuyatumie sambamba na yale ya Oxford ili tuweze kujilinganisha na wengine bila kujipoteza.

Rasimu ya maswali hayo, 14 kwa sasa, iko kwenye meza ya mapokezi. Mawili kati yake sijaridhika nayo, lile la kubeba mtoto na lile la kulala upande wenye ugonjwa, kwa sababu wagonjwa wanayajibu kwa namna mbili. Chukueni nakala, andikeni juu yake kwa kalamu, mnirudishie kabla ya chakula cha mchana. Mwenyekiti, nipo tayari kwa maswali.